Mwalimu Mstaafu Anajibu: "Andika msamaha, yaishe"

Mwezi huu barua zenu zina kilio kimoja. Matokeo ya mitihani yanatoka vyuoni, na pamoja nayo zinatoka barua za kuwataka wanafunzi wajieleze. Wengi wenu mnajua kwamba kabla sijastaafu nilikuwa mwandishi wa kamati ya udanganyifu wa mitihani katika chuo kimoja huku magharibi. Wengine walikuwa wakiuliza maswali, mimi naandika kumbukumbu. Wezi nimewaona, wengine mahodari kweli kweli. Nimewaona pia wasio na hatia wakijifunga kwa kalamu zao wenyewe. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaikalia sana, wenye zile nyingine mnivumilie.

*Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa nne. Mradi wangu wa utafiti ulihusu akina mama wanaouza omena ufuoni Dunga, na jinsi bei inavyopanda mwezi unapokuwa mpevu. Sina laptopu, kwa hiyo niliuandika wote kwa mkono kwenye daftari, kisha nikaupeleka saiba karibu na steji wanipigie chapa. Nilipouwasilisha, programu ya Turnitin ilisema unafanana kwa asilimia 71 na kazi ya mwanafunzi wa kampasi nyingine, aliyewasilisha yake kabla yangu. Naamini aliipata kwenye kompyuta ya ile saiba. Nimepewa siku saba nijieleze. Mkuu wa idara, ambaye si mtu mbaya, aliniita akaniambia: "Andika barua ya kuomba msamaha, yaishe, mwaka ujao urudie." Mama naye anasema nikubali, mtoto wa maskini hashindani na ofisi. Lakini sikuiba, Mwalimu. Nifanyeje?*
*— Daftari la Bluu, Kondele, Kisumu*

Marahaba, binti yangu. Barua hiyo usiiandike.

Najua mkuu wa idara anakutakia mema. Amekuona unalia, ana wanafunzi wengine kumi nje ya mlango, na anajua kamati huwahurumia kidogo wanaokiri. Lakini barua yako haitabaki mezani pake. Itaingia kwenye faili, na faili itafunguliwa na watu ambao hawajawahi kukuona. Mwenyekiti akishasoma "naomba msamaha", uchunguzi umekwisha hapo hapo. Hakuna atakayeuliza saiba iko wapi wala daftari liko wapi. Kinachobaki kujadiliwa ni adhabu. Nimeandika kumbukumbu za vikao vya namna hiyo, na vilikuwa vifupi mno. Chai ilikuwa haijaletwa.

Kuna barua nyingine mbaya kuliko hiyo, nayo ni ile ya nusu nusu: "Sikuiba, lakini kama kuna mahali nilikosea bila kujua, naomba mnisamehe." Sisi tumelelewa kuomba radhi hata tunapokanyagwa, na nyumbani ni adabu nzuri. Kwenye kamati, sentensi hiyo inakatwa katikati, na nusu ya pili ndiyo inayoandikwa. Mungu pia mwache nje ya barua, pamoja na ada aliyolipa mjomba na ugonjwa wa bibi. Hayo utayasema baadaye, ikiwa utapatikana na hatia na unaomba adhabu ipunguzwe. Sasa hivi yanaonekana kama moshi wa kuficha jambo.

Tuje kwenye hiyo asilimia 71. Turnitin haipimi wizi. Inapima maneno yanayofanana na yale yaliyo kwenye hazina yake, ikiwemo kazi za wanafunzi zilizokwisha kuwasilishwa na kuhifadhiwa humo. Inajua ni ipi iliyoingia kwanza. Nani aliyeiandika kwanza haijui, na haina namna ya kujua. Mtu akiiba kazi yako Jumatatu akawasilisha Jumanne, wewe ukawasilisha mwisho wa mwezi, programu itakuonyesha wewe ndiye unayefanana naye. Hoja hii iweke kwenye barua yako kwa sentensi mbili, bila makelele, kwa sababu huenda kwenye ile kamati yumo mtu ambaye hajawahi kuifikiria.

Kisha leta vitu vinavyoshikika. Daftari lako ni dhahabu. Lina mistari iliyokatwa, mishale, maneno pembeni, na nina hakika mahali fulani kuna kalamu nyekundu ya msimamizi wako. Aliyenakili hana kitu kama hicho, ana faili safi tu. Daftari lenyewe usimwachie mtu yeyote. Toa fotokopi, ambatanisha, na siku ya kikao ulibebe mkononi waliangalie ukiwa umekaa pale pale. Hojaji ulizojaza na wale akina mama zitafute zote, hata zile zenye madoa. Jumbe za WhatsApp au barua pepe ulizomtumia msimamizi ukimuuliza kuhusu sura ya pili au ya tatu, zipige picha zikionyesha tarehe. Na ulilipaje pale saiba? Kama ni kwa M-Pesa, basi kuna ujumbe wenye siku, saa na kiasi. Kama uliufuta, omba taarifa ya M-Pesa ya miezi hiyo kupitia *334#. Mwanafunzi aliyelipia kurasa zaidi ya hamsini kupigwa chapa kabla ya mwenzake kuwasilisha ana la kusema.

Kuhusu faili yenyewe, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kesi kama yako inapogeuka. Faili ya Word hubeba ndani yake jina la mwandishi, na jina hilo mara nyingi ni la kompyuta ilipoanziwa. Yako itabeba jina la kompyuta ya saiba. Mjumbe mmoja anaweza kuliona akasema, "Huyu hata hakuandika mwenyewe." Kwa hiyo litaje wewe kwanza: eleza kwamba uliandika kwa mkono, ukapigiwa chapa, na taja saiba ni ipi. Halafu iombe kamati, kwa maandishi, ifungue na faili ya yule mwenzako iangalie jina hilo hilo. Mtu akinakili faili na kubadilisha ukurasa wa kwanza, jina la ndani mara nyingi hulisahau. Kazi mbili za kampasi mbili zikionyesha kompyuta moja ya Kondele, maswali yatahamia upande wa pili.

Nenda saiba pia, lakini nenda kwa upole, na rafiki mmoja tu. Ukiingia na fujo, yule kijana ataogopa afute kila kitu. Mwombe akuonyeshe faili kwenye mashine yake na tarehe iliyowekwa, na akuandikie mistari mitatu kwamba siku fulani ulimletea kazi ya mkono akaipiga chapa. Atie sahihi. Usimwambie amekuuza, labda hakukuuza. Saiba nyingi kazi za watu hubaki pale mezani kwenye skrini, na yeyote anayekuja na flashi anaweza kujihudumia.

Ombi la mwisho la kuweka kwenye barua yako ndilo ninalolipenda kuliko yote: muulizwe wote wawili, kila mmoja peke yake, kuhusu kazi hiyo. Kwa nini bei hupanda mwezi ukiwa mpevu? Wewe utajibu hata ukiamshwa usingizini: omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi mingi inabaki ufuoni na debe linakuwa la kugombaniwa. Hilo labda hata mwenzako amelisoma kwenye kazi yako. Lakini aulizwe mama gani alikataa kuhojiwa, mlikaa wapi mkizungumza, na kwa nini swali moja kwenye hojaji lilifutwa kwa kalamu. Nimemwona kijana mwenye kazi iliyopangika vizuri sana akishindwa kueleza jedwali la kwanza. Kikao kilinyamaza, mwenyekiti akavua miwani.

Sasa barua. Iwe ukurasa mmoja. Anza hivi: "Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Nakanusha dai la kunakili kazi ya mtu mwingine. Kazi niliyowasilisha ni yangu." Kisha eleza kwa tarehe: ulianza lini, ulikwenda Dunga lini, uliipeleka saiba lini, uliwasilisha lini. Kisha orodhesha ulivyoambatanisha. Kisha omba: ripoti nzima ya Turnitin, si ile namba peke yake, nakala ya kazi unayodaiwa kuinakili, kanuni ya chuo unayodaiwa kuivunja, na tarehe ya kikao mapema ili ujiandae. Malizia kwa heshima, weka sahihi. Chapisha nakala mbili. Moja mkabidhi karani, nyingine aigonge muhuri wa kupokea, urudi nayo nyumbani. Karani akisema muhuri umefungiwa, mwambie utangoja. Keti. Muhuri utapatikana.

Haya huombi kama fadhila. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi inapoamua jambo linalomhusu, na kupewa sababu kwa maandishi ikiwa uamuzi unamuumiza. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho inataja kujulishwa mapema, kusikilizwa, na kupewa ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Haivihusu vyuo vya umma pekee. Lakini nakusihi, sheria uitaje kwa sentensi moja tu. Wanafunzi wanaojaza barua kwa vifungu huifanya kamati ijikunje kama kobe, na mwanasheria wa chuo anaitwa kabla hujasikilizwa.

Ukishindwa, kuna rufaa ndani ya chuo, na siku zake ni chache. Zisome kwenye kitabu cha kanuni leo, usingoje uamuzi. Mahakama Kuu ipo hapo Kisumu, ila kwa kawaida majaji watakuuliza kama umemaliza ngazi za chuo kwanza.

Mama yako mpe heshima zake, na umwonyeshe hesabu. Kurudia mwaka ni karo nyingine na kodi nyingine ya nyumba, na doa kwenye faili utakapoomba barua ya mapendekezo. Anadhani kukubali ni njia ya bei rahisi. Muulize atalipa nani.

*Mwalimu, hujambo? Mimi niliandika insha ya kozi ya maendeleo ya jamii mwenyewe, usiku, kwa simu. Mhadhiri anasema programu imeonyesha asilimia 84 ni ya akili mnemba, na amenipa sufuri. Hajaniita. Nimejifunza Kiingereza kwa walimu wakali, naandika sentensi fupi zilizonyooka. Je, hilo ndilo kosa?*
*— Sentensi Fupi, Kakamega*

Sijambo, mwanangu. Huenda ndilo. Programu hizi hubahatisha kwa kuangalia jinsi maneno yanavyotabirika. Anayeandika Kiingereza cha darasani, chenye msamiati wa kawaida, hutabirika. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Za wanafunzi wa shule za Marekani zilipita karibu zote. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, kampuni ya OpenAI yenyewe, wenye ChatGPT, iliondoa programu yake ya kutambua maandishi ya mashine kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, huko huko Marekani, nacho kilizima kipengele cha Turnitin cha kutambua maandishi ya mashine mwezi wa Agosti.

Ukiyataja haya, yataje sawasawa. Turnitin haikuwamo katika zile saba za Stanford, na mhadhiri wako akijua hilo nawe hujui, umeaibika. Cha kumwambia, kama alitumia Turnitin, ni kwamba Turnitin wenyewe husema alama hiyo isiwe msingi pekee wa kumwadhibu mwanafunzi. Kwa hiyo muulize kwa barua: msingi wa pili ni upi?

Uliandika kwa simu, basi una bahati. Kama ni kwenye Google Docs, historia ya matoleo imo humo, inaonyesha insha ikikua sentensi kwa sentensi hadi saa nane za usiku. Fungua uone kabla hujaandika lolote. Halafu jitolee kuandika insha nyingine mbele yake, kwa mkono, mada achague yeye. Mhadhiri mwenye busara atakubali. Akikataa, kukataa kwake nako andika.

Nikuulize kitu, na ujijibu ukiwa peke yako: uliipitisha insha hiyo kwenye ChatGPT ikurekebishie sarufi? Ikiwa ndiyo, sema hivyo tangu mwanzo, na uulize chuo kina kanuni gani kuhusu jambo hilo. Usikanushe kila kitu halafu wakute kimoja.

*Mwalimu, wakati wa mtihani mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia majibu, ulipatikana sakafuni chini ya meza yangu. Si wangu. Msimamizi aliniletea fomu akasema nitie sahihi. Nilitia kwa sababu ya woga, sikusoma. Kesi yangu bado. Na tafadhali waambie wengine wafanye nini wakikutwa hivyo.*
*— Meza ya Dirishani, Maseno*

Kwanza wewe. Leo hii andika barua kusema sahihi ile ilikuwa ya kukubali kwamba kikaratasi kilipatikana, si kwamba ni chako, na uombe nakala ya fomu. Omba kikaratasi chenyewe kiletwe kikaoni. Mwandiko ulinganishwe na kijitabu chako cha majibu. Pia yaliyoandikwa yalinganishwe na ulichojibu: mara kwa mara nimeona mwakenya wa somo la asubuhi ukimsingizia mtu wa mtihani wa mchana, chumba hakikufagiliwa. Omba na mpangilio wa viti wa siku hiyo.

Kwa wengine: kitu kikiokotwa karibu nawe, usikiguse. Usikirarue. Msicheke, wako waliokitafuna wakakimeza, na baada ya hapo hata malaika hawezi kukutetea. Soma fomu. Andika kwa mkono wako, juu ya sahihi, "Kikaratasi si changu." Kumbuka nani aliketi nyuma na nani pembeni. Kisha, wakikuruhusu, endelea na mtihani hadi dakika ya mwisho. Wengi hutoka nje wakilia, na hata wakisafishwa baadaye hakuna cha kusahihishwa.

*Mwalimu, mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko chuo cha umma, amesingiziwa kufanyiwa mtihani na mtu mwingine, ilhali siku hiyo alikuwa ukumbini na alitia sahihi. Jamaa mmoja wa ofisini amenipigia, anasema kwa elfu thelathini faili itapotea. Pia nataka kujua, naweza kuingia naye kwenye kikao?*
*— Baba Kijana, Nakuru*

Baba Kijana, salamu nyingi. Hizo elfu thelathini usizitoe. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Weka hilo kando kidogo tufikirie kama watu wazima: faili ikipotea, karatasi ya mahudhurio yenye sahihi ya kijana wako itapotea nayo, na huo ndio utetezi wake. Gredi itabaki tupu kwenye transkripti. Miaka miwili baadaye jamaa huyo amehamishwa, nanyi mnazunguka ofisi mkiulizwa kesi iliishaje. Ujumbe wake na namba yake vihifadhi.

Aombe kwa maandishi karatasi ya mahudhurio ya siku ile, majina ya wasimamizi waliokuwa ukumbini, na mwandiko wa kijitabu ulinganishwe na wa mitihani yake mingine. Ni chuo cha umma, kwa hiyo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu.

Kuingia kikaoni, ile sheria ya 2015 inamruhusu kufuatana na mtaalamu anayemchagua. Mzazi hakutajwa, lakini vyuo vingine hukubali mkiomba mapema kwa barua. Mkikubaliwa, nenda peke yako. Usijaze matatu ya ukoo mzima. Keti nyuma yake, mwache azungumze yeye. Baba akianza kujibu, kamati hudhani mtoto hana jibu.

Na wakimwadhibu bila kumsikiliza au bila kutoa sababu, rufaa ya ndani itangulie, kisha mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, hao wanaoitwa Ombudsman. Hawatozi chochote. Elfu thelathini zako zikae benki, muhula ujao kuna karo.